Kamera Zilizoingia Eastlands: Kweli au Si Kweli?

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi. Barabara zikafungwa. Mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, yaani Eastlands, ikapekuliwa mmoja baada ya mwingine, nyumba kwa nyumba, na kabla Mei haijaisha wanaume zaidi ya 20,000, karibu wote Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikuwa wametiwa kizuizini bila kesi wala hakimu. Serikali ya kikoloni iliita kazi hiyo Operesheni Anvil. Nyuma ya bunduki zilikuja kamera, na muda si mrefu watu waliokwenda kujiburudisha katika majumba ya sinema ya Uingereza wakaonyeshwa Nairobi hii kwa dakika chache, kabla ya filamu waliyoilipia kuanza.

Picha za aina hiyo sasa zimerudi nyumbani. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya British Pathé iliweka mtandaoni filamu 85,000 kutoka hifadhi yake, zikiwamo zilizopigwa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Kijana wa Umoja au Kayole anaweza kuzitazama kwa bando la siku moja. Humo anaukuta mji wa babu yake, lakini anaukuta ukiwa na sauti ya Mwingereza juu yake, na sauti ile inamweleza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Madai yamezaliana kutokana na picha hizo. Mengine yametoka kwa mkoloni, mengine tumeyatunga wenyewe kwa uchungu. Yanarudiwa kwenye matatu, madarasani, hata matangani. Nimeyachukua yale ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, nikayapima.

“Propaganda ya filamu ilikuwa kazi ya Hitler na Mussolini. Mwingereza alitoa habari tu.”

Si kweli.

Hitler na Mussolini waliifanya, tena kwa bidii. Italia ilipoishambulia Ethiopia mwezi Oktoba 1935, shirika lake la filamu, Istituto Luce, lilikuwa na kikosi maalumu cha wapiga picha Afrika Mashariki. Watazamaji wa Roma walionyeshwa nchi ya watumwa na minyororo, nchi ambayo jeshi la Italia lilikuwa likienda kuikomboa. Ujerumani nayo, baada ya kuivamia Poland, ilitoa mwaka 1940 filamu ya Feldzug in Polen iliyomtwika aliyevamiwa lawama za vita.

Lakini mwaka 1939, vita vilipoanza, London nayo ilianzisha kitengo chake, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaeleza Waafrika vita vya Mwingereza ili watoe vijana, mazao na fedha. Mojawapo ya filamu zake za mwanzo, Mr English at Home ya mwaka 1940, ilionyesha siku moja ya familia ya Kiingereza: nyumba safi, chai mezani, watoto watulivu. Hakuna bunduki hata moja humo. Ilikuwa filamu ya vita vilevile, kwa sababu mtu unayemwomba afe kwa ajili ya nyumba fulani lazima kwanza aione hiyo nyumba. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia na Burma wakiwa na King's African Rifles, na Soko la Burma pale Shauri Moyo bado linalibeba jina la vita hivyo.

Vita vilipokwisha, ujuzi haukuisha. Magari ya sinema yalibaki, wasimuliaji walibaki, na mazoea ya kuona filamu kama chombo cha utawala yalibaki. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, serikali haikuanza na mikono mitupu. Ilikuwa na watazamaji wa aina mbili wa kuwashawishi. Wa kwanza walikuwa Waafrika wenyewe, waliotakiwa kuiogopa na kuikana Mau Mau, kundi lililopigana na mkoloni. Wa pili walikuwa Waingereza wa kawaida, ambao wana wao, vijana waliokuwa wakitumikia jeshi kwa lazima ya sheria, walikuwa wanatumwa kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mama wa Manchester alihitaji sababu. Filamu za habari zikampa.

“Picha za Anvil ni halisi. Kamera haiwezi kudanganya.”

Picha ni halisi. Habari iliyopachikwa juu yake si kweli.

Hili ndilo dai zito kuliko yote, nami nitalikalia. Wanaume waliochuchumaa kwa mistari walikuwa watu wa kweli, na malori, na waya wa miiba. Hakuna aliyehitaji kuigiza. Mtu anayesema zile picha ni za kubuni anakosea, na anampa mtetezi wa ukoloni ushindi wa bure.

Ila tutazame zilivyotengenezwa. Filamu za habari za miaka ile kwa kawaida zilipigwa bila sauti. Mikanda ilisafirishwa hadi London, mhariri akaikata, akaweka muziki wa kijeshi, kisha mtu akasoma maneno yaliyoandikwa hukohuko. Sauti unayoisikia haikutoka Nairobi. Haikumuuliza mtu yeyote wa Nairobi jambo lolote. Ilisema magaidi, na mtazamaji akatii, akawaona magaidi pale walipokuwa makarani, mafundi wa reli, wachuuzi wa mboga na wapishi wa wazungu.

Halafu tazama mahali kamera iliposimama. Mwandishi aliyefika kwenye operesheni alifika kwa idhini ya jeshi na kwa maelezo ya ofisi ya habari ya serikali. Kwa hiyo kamera iko upande wa askari. Unaona mgongo wa mwenye bunduki na uso wa mshukiwa, picha baada ya picha, mpaka macho yako yenyewe yanajipanga nyuma ya bunduki bila wewe kujua. Ukitazama kwa dakika tatu tu, tayari umeshakuwa mlinzi.

Mambo yaliyobaki nje ya picha ndiyo yaliyoijaza Eastlands siku zile. Watu waliofunikwa magunia kichwani, yakiwa na matundu ya macho tu, waliketi huku wenzao wakipitishwa mbele yao. Wakikuyu waliwaita gakunia. Kutikisa kichwa mara moja kulitosha kumpeleka mtu Lang'ata, na kutoka hapo kwa treni hadi Manyani au Mackinnon Road. Wanawake na watoto walirudishwa mashambani kwa maelfu, kwenye maeneo yaliyokwisha kufurika. Nyumba zilizoachwa wazi ziliporwa. Baadaye mtaa wa Bahati, ambako Wakikuyu wengi walibaki, ulizungushiwa waya, na watu wakatoka na kuingia kwa ruhusa.

Na chanzo? Kamera haikuwahi kukitafuta. Eastlands ilikuwa imejengwa kwa ajili ya nguvukazi. Baraza la mji lilimtaka mwanamume mmoja na kitanda chake. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wa shambani. Mishahara ilikuwa ya kumtosha huyo mtu mmoja, na mara nyingi haikumtosha hata yeye. Humo ndimo vyama vya wafanyakazi vilikomaa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama kwenye mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Majuma machache baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na Nairobi ikagoma kwa siku kadhaa. Hesabu mwenyewe: kutoka mkutano ule wa Kaloleni hadi alfajiri ya Anvil ni miaka 4 na siku 1. Filamu iliyotaka kueleza kwa nini vijana wa Eastlands walikula kiapo cha Mau Mau ingeanzia Kaloleni. Iliyotengenezwa ilianzia kwenye waya.

Serikali ilikuwa na sababu ya kulipenda giza hilo kuhusu chanzo cha vita. Mwaka 1954 huohuo ilichapisha andiko la daktari wa akili, J. C. Carothers, lililoieleza Mau Mau kama hitilafu ya nafsi ya Mwafrika aliyeshindwa kuhimili usasa. Ukishakubali kwamba mtu ni mgonjwa, humuulizi shamba lake lilikwenda wapi. Filamu za habari zilifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyepesi zaidi: nyuso bila majina, msitu, panga, ndege za kivita za Lincoln zikipaa kwenda kudondosha mabomu, na kila kitu kinaonekana ni usafi unaofanywa.

“Mau Mau waliua maelfu ya wazungu.”

Si kweli kabisa.

Katika takwimu za serikali ya kikoloni yenyewe, raia wa Kizungu waliouawa katika muda wote wa Hali ya Hatari ni 32. Ukiongeza askari Wazungu, jumla haifiki 100. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau, kwa hesabu hiyohiyo, ni zaidi ya 1,800. Upande wa pili, serikali ilikiri kuwaua zaidi ya wapiganaji 11,000, na mwanahistoria David Anderson alipopekua majalada ya mahakama alipata watu 1,090 walionyongwa. Hii ni mbali na waliokufa kwa njaa, maradhi na vipigo katika kambi na vijiji vya kulazimishwa, ambao idadi yao wanahistoria wanabishania hadi leo.

Kwa nini basi hata Mkenya aliyesoma husadiki kwamba vilikuwa vita vya kuchinja wazungu? Kwa sababu vifo hivyo vichache ndivyo vilivyopata picha. Familia ya Ruck iliuawa Kinangop tarehe 24 Januari 1953, baba, mama aliyekuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka 6. Kilikuwa kitendo cha kutisha, na mtoto yule hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Picha ya chumba chake ilizunguka dunia nzima. Watoto wa Kikuyu waliokufa kwa njaa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki hawakupigwa picha vyumbani mwao, kwa kuwa vyumba vyao vilikuwa vimechomwa.

“Filamu ya Simba ilipigwa Kenya, na waigizaji walikuwa Wakikuyu.”

Nusu kweli, na nusu yake ya uongo inafundisha mengi.

Simba ilitoka mwaka 1955, ikiongozwa na Brian Desmond Hurst, vita vikiwa bado vinaendelea. Inaanza na Mwafrika akiendesha baiskeli barabarani. Anamkuta mzungu aliyejeruhiwa akiomba msaada, anashuka, anachomoa panga na kummaliza. Mtazamaji hajaambiwa jina la mtu, hajaelezwa kisa, na tayari ameshafundishwa kwamba Mwafrika mpole wa barabarani ni muuaji. Baada ya dakika hizo za mwanzo, filamu inaweza kujifanya ya haki kiasi inachotaka.

Mandhari yalipigwa Kenya kweli, lakini sehemu kubwa ya mchezo ilitengenezwa katika studio za Pinewood, Uingereza. Nyota wake, Dirk Bogarde, aliigizia huko, na katika picha za mbali za Kenya unamwona mtu mwingine aliyesimama badala yake. Daktari mwema wa Kikuyu, Karanja, aliigizwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda. Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos, naye yumo miongoni mwa Waafrika wa filamu hiyo. Nawaheshimu wote wawili, kwani walikuwa wakitafuta riziki katika sinema isiyompa mtu mweusi nafasi nyingi. Lakini tuseme wazi: katika vita vilivyohusu Wakikuyu, sinema ya Uingereza haikuona haja ya Mkikuyu mwenye sauti.

Wote wawili waliitwa tena katika filamu ya Safari ya mwaka 1956. Mwaka uliofuata Hollywood ikaja na Something of Value, iliyotokana na riwaya ya Mmarekani Robert Ruark, na Sidney Poitier akiigiza kama Kimani. Hii ni afadhali kuliko hizo nyingine. Inamwonyesha kijana aliyedhalilishwa kabla hajaingia msituni, na Poitier anampa Kimani utu ambao waliotangulia hawakuuona. Hata hivyo huzuni ya filamu ni urafiki uliovunjika kati ya mzungu mwema na Mwafrika aliyepotea. Ardhi, ambayo ndiyo kesi yenyewe, inabaki kuwa mandhari ya nyuma.

“Yote yale ni uongo wa Mwingereza. Mau Mau hawakumdhulumu Mwafrika yeyote.”

Si kweli, na hapa wengi watanikasirikia.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji waliwafungia watu wa chifu na wa homugadi, askari wasaidizi wa serikali, ndani ya nyumba wakazichoma. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Mtoto wa Lari alikuwa mtoto kama yule wa Kinangop. Serikali ilizitumia picha za maiti zile kwa nguvu zake zote, na watu wengi waliokuwa wakisitasita waligeuka dhidi ya Mau Mau kwa sababu ya Lari.

Ila kuna sehemu ya pili ya usiku uleule. Homugadi na askari wa serikali walilipiza kisasi, wakaua watu wengi, huenda zaidi ya wale waliochomwa. Hao hawakuingia kwenye vijitabu vya serikali wala kwenye kamera. Propaganda bora kabisa hutengenezwa hivi, kwa ukweli uliokatwa katikati. Mwenye kuikana Lari yote anafanya kosa lilelile la mwenye kuonyesha nusu yake.

Eastlands haina ruhusa ya kulisahau hili, maana limeandikwa kwenye vibao vyake. Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyepinga fujo, aliuawa Nairobi mwezi Novemba 1952. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Serikali ikawajengea ukumbusho ambao hakuna filamu ingeweza kuushinda: mitaa ya nyumba. Mbotela, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho. Kila mpangaji aliyetaja anwani yake alitaja, bila kukusudia, msimamo wa serikali kuhusu nani alikuwa mwema. Sisemi majina yabadilishwe. Wanaume wale waliuawa na wana haki ya kukumbukwa. Nasema kwamba waliokamatwa Anvil kutoka vyumba vya jirani hawana mtaa.

“Waafrika waliotazama sinema za serikali walimeza kila kitu.”

Si kweli. Aliyelipendelea dai hili zaidi ni mtengenezaji wa filamu mwenyewe.

Sellers na wenzake waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka. Waliagiza mambo yaende polepole, kamera itulie, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kuna kisa kilichosimuliwa sana huko Ulaya kuhusu wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu: kuku. Kisa hicho kilitolewa kama ushahidi wa akili changa. Mimi nakisoma kama ushahidi wa watu waliojua kuku ni nini na hawakuvutiwa na mhadhara.

Zaidi ya hayo, filamu haikufika yenyewe. Gari la sinema lilikuwa na msimuliaji Mwafrika mwenye kipaza sauti na karatasi ya maneno yaliyoidhinishwa. Alitakiwa kueleza picha kwa lugha ya watu. Hapo ndipo serikali ilipoweka imani yake yote mikononi mwa mtu ambaye haikuweza kumsikia vizuri, kwani afisa mzungu aliyesimama kando ya gari mara nyingi hakuifahamu lugha ile kwa undani. Toni ya sauti, kituo kidogo, methali iliyochomekwa mahali pake, vyote vilikuwa mikononi mwa msimuliaji.

Mtu wa Eastlands hahitaji kufundishwa nguvu hiyo. Amekua akimsikiliza DJ Afro katika vibanda vya video, akiichukua filamu ya China au Hollywood na kuisimulia upya mpaka jambazi wa Hong Kong anaongea kama konda wa Jogoo Road. Picha ni ileile, na filamu ni nyingine kabisa. Msimuliaji wa gari la serikali alikuwa na uwezo huohuo, isipokuwa yeye angeupoteza mshahara, na katika miaka ya Hali ya Hatari pengine uhuru wake, kama angevuka mpaka.

Watazamaji nao walikuwa na filamu yao ya kulinganishia: walikuwa wameyaona mambo yenyewe. Mtu aliyepitishwa mbele ya gakunia hawezi kusadiki sinema inayomwambia kwamba wasio na hatia hawakuguswa. Walioshawishika zaidi ni wale wa mbali, waliokuwa hawana kitu kingine cha kutazama.

“Kama kambini kulikuwa na ukatili, kamera zingeonyesha.”

Si kweli. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo vyao na maji waliyokunywa. Ukweli ulitoka kwa uchunguzi wa maiti na kwa kelele bungeni London, bila msaada wa kamera yoyote. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Kenya dhidi ya Uingereza ikiendelea, ndipo majalada yaliyofichwa kwa miongo mingi huko Hanslope Park yalipojitokeza. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hakuna hata senti moja ya fedha hizo iliyotokana na filamu ya habari.

“Hayo ni ya zamani. Leo kila mtu ana simu, hatudanganyiki.”

Natamani ingekuwa kweli.

Mwezi Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Januari 2012 msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, alisambaza kwenye Twitter picha za mtu akipigwa mawe, akisema ni Mkenya aliyeuawa na wanamgambo wa Al-Shabaab siku hizo. Waandishi wakagundua upesi kwamba picha zilikuwa za tukio la Somalia la mwaka 2009. Al-Shabaab walikuwa wauaji kweli. Ushahidi wa kweli haukukosekana. Hata hivyo picha ya zamani ilivalishwa nguo mpya, kwa sababu vita vinahitaji picha leo, na ukweli hufika kwa mwendo wake.

Upande wa pili wamejifunza kazi hiyo vizuri zaidi. Al-Shabaab wana kitengo chao cha filamu, na wametoa video kwa Kiswahili zikiwalenga vijana wetu, wakiwemo wa mitaa hii. Baada ya kushambulia kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde tarehe 15 Januari 2016, waliitoa filamu ya shambulio lenyewe. Serikali yetu haikuwapa wananchi hesabu kamili ya wanajeshi waliokufa. Mahali serikali iliponyamaza, mama wa mwanajeshi alibakiwa na filamu ya waliomuua mwanawe. Ule si usalama wa taifa, ni kumwachia adui kipaza sauti.

Kuna tarehe moja ambayo nataka ikumbukwe. Aprili 2014, mwezi uleule filamu za Pathé zilipowekwa mtandaoni, na miaka 60 kamili baada ya Anvil, polisi waliingia Eastleigh katika Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa vitambulisho. Runinga zilituonyesha mistari ya watu waliochuchumaa. Kamera ilikuwa imesimama tena upande wa askari, na sauti iliyosoma habari safari hii ilikuwa yetu wenyewe.

“Picha za mkoloni ni sumu. Zifutwe.”

Si kweli, na ningesikitika sana zikifutwa.

Picha inayojulikana zaidi ya Dedan Kimathi, akiwa amelala na pingu mikononi, ilipigwa na waliomkamata, baada ya tarehe 21 Oktoba 1956. Ilikusudiwa kuonyesha kwamba amekwisha. Walimnyonga tarehe 18 Februari 1957. Leo nywele zile na macho yale yako kwenye fulana, kwenye kuta za mitaa na kwenye ubavu wa matatu. Hakuna aitazamaye akaona ushindi wa Mwingereza. Watu waliichukua picha, wakaivua maneno yake, wakaipa mengine.

Na filamu za 1954 zinangoja kufanyiwa vivyo hivyo, ila muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 10 siku ya Anvil sasa amepita 80. Wapo bado, Bahati, Kaloleni, Ziwani, Makongeni, na wengine wamehamia Dandora au wamerudi mashambani. Kumbi zipo. Projekta hukodishwa kila wikendi kwa ajili ya mechi za Ligi ya Uingereza. Inahitajika jioni moja tu katika kila mtaa: filamu ionyeshwe, sauti ya London izimwe, na kipaza sauti apewe mzee aliyekuwepo, aseme yule aliyechuchumaa mstari wa mbele alikuwa mwana wa nani, alifanya kazi wapi, na kama alirudi. Vijana warekodi kila neno kwa simu zao, waliunganishe na picha, walirudishe mtandaoni palepale filamu ya kwanza ilipo, ili atakayetafuta Anvil azikute zote mbili.